Breki Mbili Ndani ya Gurudumu Moja

Anayetoka mjini Iringa kwenda kuishika barabara kuu ya Tanzam hushuka kwanza mteremko wa Ipogolo. Akielekea Dar es Salaam, mteremko wa Kitonga unamsubiri. Na anayetoka Mbeya kwenda Tunduma hushuka Iwambi hadi Mbalizi, mteremko ambako mwaka 2018 lori lilishindwa kusimama, likagonga magari ya abiria na kuua watu wengi. Malori yana mfumo wake wa breki za upepo, tofauti na wa gari dogo, lakini adui ni mmoja: joto. Huku Nyanda za Juu Kusini breki hazipo kwa ajili ya kusimama tu. Kazi yake nzito ni kulizuia gari lisichanganye mwendo, kona baada ya kona, pasipo nafasi ya kupoa.

Hesabu yake ni fupi. Gari la kilo 1,500 likishuka mita 100 za kwenda chini bila kuongeza mwendo, hubidi kutoa nishati ya karibu megajuli 1.5. Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji yaliyokuwa na nyuzi 20. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na injini, hasa dereva akiweka gia ya chini. Inayobaki yote huishia kwenye diski na pedi. Sasa izidishe kwa kimo cha Kitonga.

Gari likifungwa breki, uzito huegemea mbele, kwa hiyo breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi, takribani theluthi mbili au zaidi. Ndiyo sababu pedi za mbele huisha mapema, na ndiyo sababu za nyuma husahaulika hadi chuma kianze kukwaruza chuma. Kuzibadilisha nyumbani kunawezekana kwa mtu mwenye subira na vifaa vya kawaida. Ila aelewe kwamba gurudumu la nyuma lina breki mbili, ya kanyagio na ya mkono, na kwamba anayefungua moja amegusa zote mbili. Makosa mengi ninayoyaona katika kazi hii, diski kupondwa kwa nyundo, pistoni kuharibiwa, gari kuteleza kilimani usiku, yanatokana na kutolijua hilo.

Basi kabla ya kwenda Mwanjelwa, Mbeya, kununua spea, jua gari lako liko kundi gani. IST, Vitz na Passo nyingi zina dramu nyuma, na dramu ni kazi nyingine. Harrier, Mark X, Crown na Forester nyingi zina diski ambayo katikati yake, kwenye kile kitovu kilichotuna, imefichwa dramu ndogo yenye breki shuu za handbreki. Mazda Axela na Volkswagen Golf hazina dramu hiyo. Handbreki yake huikaza pistoni ya kalipa yenyewe. Halafu yapo magari mapya yenye handbreki ya kitufe, ambayo mota yake lazima irudishwe kwa utaratibu wa gari husika, mara nyingi kwa mashine ya kupimia. Hilo la mwisho mpelekee fundi. Kwa mengine, nenda dukani na namba ya chasisi, nunua pedi na diski za pande zote mbili, na usikubali kuuziwa upande mmoja eti mwingine bado mzima.

Tafuta sehemu tambarare, jambo ambalo katika mitaa yetu lahitaji kutafutwa kweli. Handbreki lazima iachiwe, la sivyo diski haitoki. Hapo ndipo hatari ilipo. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya mbele, ukiweka P, ya mbele hushikwa. Lakini Crown au Mark X huendeshwa na ya nyuma: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke, na P haishikilii tena chochote. Gari linaweza kuondoka juu ya jeki. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, legeza nati gurudumu likiwa bado chini, inua, kisha egemeza gari kwenye stendi za chuma. Jeki ni ya kuinulia tu. Mawe na matofali yaliyopangwa hupasuka ghafla, na aliye chini hapati muda wa kujitoa.

Kalipa hushikwa na bolti mbili. Ukiifungua, ifunge kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Kisha, kabla ya kutupa pedi kuukuu, zisome. Pedi ya ndani ikiwa imeisha na ya nje bado nene, pini ambazo kalipa hutelezea zimeganda, au pistoni hairudi. Pedi iliyolika kimshazari inaonyesha kalipa imekaa vibaya. Upande mmoja wa gari ukiwa umelika kuliko mwingine, tafuta sababu kwanza. Magari yetu mengi yametumika Japani, mengine katika mikoa ya theluji ambako barabara humwagiwa chumvi, nayo kutu huwa imeshaanza kabla gari halijafika bandarini. Mvua na tope la huku humalizia. Ukiweka pedi mpya juu ya pini zilizoganda, utazinunua tena mapema mno, na katikati ya hapo utakuwa unashuka Kitonga na nusu ya breki. Chomoa pini, zisafishe, zipake grisi ya silikoni inayostahimili joto. Grisi ya beringi huvimbisha mpira, na mpira uliovimba ndio huigandisha pini upya.

Diski ikikataa kutoka, weka nyundo kando. Mara nyingi ina matundu mawili madogo yenye nyuzi: ingiza bolti mbili, kaza kwa zamu kidogo kidogo, itajisukuma yenyewe. Ikiendelea kukataa, breki shuu za ndani ndizo zinazoing'ang'ania. Chomoa kizibo cha mpira kwenye kitovu, ingiza bisibisi, zungusha gurudumu dogo la meno mpaka zilegee. Diski ikitoka, zitazame hizo breki shuu, kwa sababu hii ndiyo nafasi pekee utakayozipata kwa muda mrefu. Vumbi lake lifute kwa kitambaa chenye maji; usilipulize.

Unene wa chini unaoruhusiwa umechongwa au kupigwa chapa kwenye diski yenyewe. Ikiwa imefika hapo, haifai kuchongwa tena hata kama fundi wa mashine yuko tayari. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu kiwandani. Yatoe yote kwa dawa ya kusafishia breki.

Pistoni ya Harrier au Forester hurudishwa kwa kusukumwa taratibu kwa klampu, huku ukiangalia mafuta yasifurike kwenye chupa yake. Ya Axela au Golf hairudi kwa kusukumwa. Huzungushwa huku ikikandamizwa, na anayeilazimisha huivunja ndani. Mafuta hayo nayo yatazame. Yanafyonza unyevu wa hewa: DOT 3 mbichi huchemka kwa nyuzi 205 au zaidi, lakini iliyokwisha kunywa maji inaweza kuchemka kwa 140. Yakichemka mteremkoni huwa mvuke, na kanyagio huzama mpaka chini. Yakiwa meusi, au mpira wa breki ukiwa na nyufa, mwite fundi abadilishe na kutoa upepo. Sehemu hiyo siishauri kwa anayeanza.

Baada ya kufunga, kwa magari yenye dramu ya ndani, kaza lile gurudumu la meno mpaka diski igome kuzunguka, kisha rudisha. Toyota nyingi huelekezwa meno 8. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, kisha mwenye gari hulalamika handbreki imekufa. Nati za gurudumu kwa Toyota nyingi hukazwa kwa nyutoni mita 103, kwa msalaba. Halafu, injini ikiwa imewashwa na gari halijaondoka, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio ligumu. Mkanyago wa kwanza huzama mtupu, na ukiusubiri barabarani umechelewa.

Pedi na diski mpya zinahitaji kuzoeana. Tumia barabara tambarare isiyo na magari, kama ile ya bonde la Usangu kati ya Igawa na Igurusi: punguza mwendo toka kilomita 60 hadi 10 kwa saa kwa mkanyago wa wastani, acha zipoe, rudia, bila kusimama na kuzibana zikiwa za moto. Ipogolo na Iwambi zisiwe jaribio la kwanza. Baada ya kilomita 100 hivi, kagua tena nati, na shika rimu zote mbili za nyuma kwa tahadhari: iliyo na joto kuliko mwenzake ina kalipa isiyoachia.