Vidole Visivyo na Alama

Mwezi Mei 2018 wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nchi Zinazozungumza Kifaransa (OIF), wakiongozwa na Jenerali Siaka Sangaré wa Mali, walimaliza kulichambua daftari la wapiga kura la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo na kutamka hadharani jambo lililozua zogo. Kati ya watu milioni 40.3 waliokuwamo, asilimia 16.6, yaani karibu milioni 6.7, hawakuwa na alama za vidole. Majina yao yalikuwamo. Pale alama zilipopaswa kukaa palikuwa patupu. Wapinzani walitaka wote wafutwe, wakiwaita wapiga kura hewa. Tume ya uchaguzi, CENI, ikashikilia kwamba ni watu wa kweli. Uchaguzi ukafanyika tarehe 30 Desemba, zogo likahamia kwenye mashine za kupigia kura, na watu hao milioni 6.7 wakasahaulika. Hawakustahili kusahaulika, kwa kuwa ugomvi ule ulihusu kuwafuta au kuwabakiza, ilhali swali la mkaguzi lilikuwa jingine: kwa nini hapa ni patupu?

Tuchukue Tunda, huko Kibombo, jimboni Maniema, na tuwaze watu wanne waliosimama foleni moja. Wa kwanza ni mkulima wa mpunga. Amelishika jembe tangu utotoni hata mistari ya ngozi imesagika. Anabonyeza kidole juu ya kioo, anarudia, mashine haioni kitu. Wa pili ana vidole vizima, ila betri inakaribia kuzima, jua linatua, na mwandikishaji anairuka hatua hiyo ili amalize foleni. Wa tatu alama zake zilichukuliwa sawasawa, zikapotea njiani wakati data ikinakiliwa kutoka mashine hadi flashi, kutoka kijijini hadi Kindu, mji mkuu wa jimbo, kutoka Kindu hadi Kinshasa. Wa nne hakuwahi kuzaliwa. Jina lake lilitungwa na mtu. Kwenye skrini ya Kinshasa hawa wanne hawana tofauti hata chembe. Ukiwafuta wote, umemdhulumu mkulima. Ukiwabakiza wote, umemkaribisha mwizi. Anayeweza kuwatenganisha ni yule aliyekuwapo siku ile, na kama hakuandika sababu siku ile, basi haiandikiki tena.

Hapo ndipo ulipo moyo wa kazi ya kuhifadhi kumbukumbu za kielektroniki. Serikali nyingi hudhani kuhifadhi ni kununua seva, kuifungia ndani ya chumba chenye ubaridi na kuweka mlinzi mlangoni. Lakini data isiyo na historia yake ni mzigo usio na mwenyewe. Inapasa ijulikane nani aliiingiza, lini, kwa mashine gani, nani aliigusa baadaye, na kwa nini sehemu fulani haikujazwa. Mradi wa namna hii unahitaji msimamizi wa kudumu, anayehesabu mapungufu kazi ikiwa inaendelea na kuyatangaza bila kuogopa. Wakaguzi wa OIF walifika kazi ikiwa imekwisha, wakasema daftari linafaa ila lina mengi ya kurekebishwa. Walilipima pengo, lakini sababu zake zilikuwa zimekwisha kutawanyika pamoja na waandikishaji.

Kwa Mkongomani, jambo hili halikomi kwenye kura. Sensa ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Kadi ya mpiga kura ndiyo imekuwa kitambulisho chake, mbele ya askari wa kizuizi cha barabarani na mbele ya karani wa benki. Mwaka 2023, baada ya uandikishaji ambao huko Maniema ulianza tarehe 16 Februari, kadi nyingi zilifutika maandishi mikononi mwa wenyewe, hata CENI ikalazimika kutoa nakala mpya. Kadi ikifutika, ushahidi pekee kwamba mtu huyu ni nani unabaki kwenye daftari la kielektroniki. Nalo likiwa na kasoro zisizo na maelezo, mwananchi atajitetea kwa kitu gani?

Yuko atakayesema kwamba nchi isiyo na barabara haina haja ya anasa ya usimamizi wa namna hii. Lakini umaskini wenyewe ndio unaodai uangalifu: Congo imeandikisha wapiga kura wake mwaka 2005, ikarudia 2011, 2016 na 2022, na kila mara mashine na watu husafirishwa tena kwa mitumbwi, pikipiki na ndege. Mwingine atasema usimamizi mkali huchelewesha kazi. Kweli, huchelewesha. Hata Marekani, ambako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliipa kampuni ya Lockheed Martin mkataba wa mfumo wa kumbukumbu za kielektroniki mwaka 2005, sehemu ya kwanza iliyotarajiwa Septemba 2007 ilifika Juni 2008, huku wakaguzi wa Bunge wakihoji gharama mwaka baada ya mwaka. Lakini kutohojiwa kuna bei yake pia. Kenya iliilipa mwaka 2017: Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume ya uchaguzi zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii ipasavyo, na tarehe 1 Septemba uchaguzi wa rais ukabatilishwa.

Hoja nzito zaidi ni ya uhuru wa taifa: kwa nini wageni wapekue daftari letu? Hoja hii ina haki yake, ila dawa yake ni kuwa na mkaguzi wetu mwenye meno na muda wa kutosha. Mwaka 2023 OIF ilishindwa kuoanisha ratiba yake na ya CENI, na kundi dogo la wataalamu, Wakongomani wakiwamo, likalipitisha daftari la watu milioni 43.9 kwa siku chache za mwezi Mei. Sheria tunazo: ile ya hifadhi ya nyaraka ya 1978, na kanuni ya mambo ya kidijitali ya Machi 2023. Kinachobaki ni maswali ambayo mtu fulani anapaswa kulipwa mshahara ili ayajibu. Daftari la 2005 hufunguka kwa programu ipi leo? Aliyefutwa kimakosa huko Tunda amlalamikie nani, na atajuaje kwamba amefutwa? Na mkulima yule aliyesagika vidole, akifika tena mbele ya mashine, je, safari hii kuna atakayeandika kwa nini haikumwona?