Kuhamishwa Si Kuhama

Juni 15, 2023, Google ilitangaza kuwa inaachana na biashara ya kusajili majina ya vikoa, au domeni kama wengi tunavyoziita. Majina takriban milioni 10 yaliyokuwa Google Domains yangekwenda Squarespace. Wateja waliambiwa hawana la kufanya: majina yatahamia yenyewe, na bei ya kuhuisha haitapanda kwa angalau miezi 12. Wengi waliridhika, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Msajili anapofunga duka, mwenye jina achague mwenyewe pa kwenda, asikubali kubebwa pamoja na shehena.

Ushahidi ulikuja Julai 2024, pale wahalifu walipoteka vikoa vya kampuni za sarafu za kidijiti, Compound ikiwamo, vilivyokuwa vimetoka Google kwenda Squarespace. Watafiti wa usalama waliona kwamba akaunti nyingi zilikuwa zimeandaliwa kwa barua pepe za wateja kabla wenyewe hawajaingia. Aliyeijua anwani hiyo ya barua pepe aliweza kumtangulia mwenye mali, na ulinzi wa hatua mbili haukuwa umehamishwa. Squarespace ilitoa maelezo tofauti kuhusu chanzo. Hata hivyo, aliyekwisha kufungua akaunti yake kwa msajili aliyemchagua, akaweka nywila na ulinzi wake, hakuwa na akaunti tupu ya kusubiri mwizi.

Wapo wanaoogopa gharama ya kuhama. Kwa .com, ada ya kuhama kwa kawaida huongeza mwaka mmoja juu ya muda uliobaki, kwa hiyo ni mwaka uliolipiwa mapema. Hofu ya tovuti kuzimika na barua pepe kukatika ina uzito zaidi. Lakini kinachozima tovuti ni kuzimwa kwa seva za majina, zile zinazoelekeza jina kwenye tovuti na barua pepe, na nyingi huwa za msajili yuleyule anayeondoka. Nakili rekodi zote za jina lako, hasa za barua pepe ambazo ndizo husahaulika, uziweke kwenye seva mpya, ulielekeze jina huko, usubiri mabadiliko yaenee. Ndipo ufungue kufuli linalozuia jina kuhama na uombe msimbo wa uhamisho. Msajili wa zamani ana siku tano za kujibu. Jina lililosajiliwa au kuhamishwa chini ya siku 60 zilizopita laweza kukataliwa, na .tz na .ke zina taratibu zake chini ya wasimamizi wake wa kitaifa.

Hoja nzito kuliko zote dhidi yangu ni kwamba ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani, haiachi majina yapotee. Ni kweli: mwaka 2007, baada ya msajili RegisterFly kufutiwa kibali, majina yake yalipelekwa GoDaddy, na ICANN ikasimamia kwa dhati sharti la wasajili kuweka nakala ya taarifa za wateja mahali pengine. Ila nakala hiyo humtambua aliyeandikwa. Biashara ambayo jina lake lilisajiliwa na fundi wa tovuti, kwa barua pepe ya fundi, itaokolewa kwa jina la fundi. Na msimbo wa uhamisho, siku utakapohitajika, utatumwa kwake.