Kusema na Wazee kwa Sentensi Wanazozimudu

Bibi husoma Surat Yasin yote bila kufungua msahafu, lakini mjukuu akimletea salamu za watu watatu kwa mkupuo mmoja, hushika ya kwanza tu. Baadhi ya watu nyumbani hudhani anajisahaulisha. Sivyo. Sura aliyoihifadhi chuoni utotoni imekaa katika hazina ya kudumu. Salamu zinahitaji kile ambacho Alan Baddeley na Graham Hitch, wanasaikolojia wa Uingereza, walikieleza mwaka 1974 kuwa ni kumbukumbu ya kazi: nafasi finyu akilini ya kushikilia maneno huku yakichambuliwa. Umri unaposonga nafasi hiyo hupungua, na kasi ya kufikiri nayo hushuka. Msamiati hauchakai hivyo. Aghalabu mzee humshinda kijana.

Athari yake huonekana katika sentensi. Tazama hii: "Yule fundi ambaye binti yake uliyemsomesha Kurani ameolewa Tanga amekuja." Msikilizaji hana budi kumbeba fundi, kisha binti, kisha masomo, kisha ndoa, ndipo afike kwenye "amekuja". Kijana huubeba mzigo huo. Mzee huweza kuutua njiani. Afadhali: "Fundi amekuja. Ni baba wa yule binti uliyemsomesha Kurani, aliyeolewa Tanga." Hakuna habari iliyopotea.

Utafiti wa Susan Kemper na Tamara Harden wa Marekani, uliochapishwa mwaka 1999, ulionesha kuwa kupunguza vishazi vilivyopachikwa ndani ya sentensi na kufafanua maana huwasaidia wazee. Sauti nyembamba ya kubembelezea watoto haikuwasaidia, wala kuburuta maneno. Na hapa ndipo wengi wetu tunapokosa adabu tukidhani tunafanya wema. Surat Al-Israa, aya ya 23, inawataka watoto waseme na wazazi kwa heshima. Kumsemesha baba kama mtoto mchanga si heshima. (Usikivu wa masikio ni suala jingine, nao upimwe.)

Hatari kubwa zaidi imo katika dawa. "Kabla hujanywa hiki cheupe ambacho hakichanganywi na kile cha jioni, kula kwanza" ni agizo la kumpotezea mzee dozi. Mwambie: "Kula kwanza. Kisha unywe kidonge cheupe." Cha jioni kingoje jioni.

Ama mzee akianza kupotea njia ya msikiti anaouswalia kila siku, au akachanganyikiwa ghafla, huo si uzee wa kawaida. Apelekwe kwa daktari.