Ahadi ya kodi iliyomponza Bush

Agosti 1988, katika mkutano mkuu wa chama cha Republican mjini New Orleans, George Bush, baba, wakati huo Makamu wa Rais wa Marekani, aliwataka wapiga kura wasome midomo yake: hakuna kodi mpya. Ukumbi ulirindima kwa vifijo.

Mwaka 1990, akiwa Rais, nakisi ya bajeti ilimlazimu kuafikiana na Bunge lililodhibitiwa na Democrats; kiwango cha juu cha kodi ya mapato kikapanda kutoka asilimia 28 hadi 31. Kihesabu alikuwa na sababu, lakini mpiga kura aliyeipokea hotuba ile kama hati ya mkataba hakutaka hesabu. Februari 1992 huko New Hampshire, zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura katika mchujo wa chama chake walimchagua mpinzani wake, Pat Buchanan.