Nani Alitoa Risasi Ghalani?

Ukipanda kutoka Mombo, barabara inajipinda kando ya genge hadi Soni, kisha inakufikisha Lushoto, mji wa baridi, plamu na kabichi. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Vijana huja kusomea cheti na stashahada ya sheria, na mahakimu walio kazini hupanda mlima kuja kunolewa upya. Wananchi wengi humjua hakimu kwa kesi za mashamba, mirathi na wizi. Wachache wanajua kwamba anaweza pia kuketi kama mchunguzi wa vifo, chini ya Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980.

Umuhimu wa kiti hicho huonekana zaidi bunduki ya serikali inapomuua mtu ambaye hakuna aliyekusudia kumuua.

Mfano ulio wazi unatoka mbali: Punta Gorda, mji mdogo wa Florida, Marekani. Tarehe 9 Agosti 2016 polisi wa mji huo waliwaalika wakazi waje waone kazi yao ilivyo. Katika igizo la jioni hiyo askari mmoja alijifanya mhalifu, na mkutubi mstaafu wa miaka 73 akapewa nafasi ya polisi. Askari akafyatua bastola akiamini imejazwa risasi baridi, zile zenye baruti bila kichwa. Kumbe zilikuwa za moto. Mama yule alifariki dunia, na mumewe alikuwapo miongoni mwa watazamaji.

Kosa lenyewe lingeweza kushikwa kiganjani. Kwa kawaida kichwa cha risasi huchomoza nje ya ganda, hata gizani kidole hukihisi. Zile zilikuwa risasi za kulengea shabaha, za aina ambayo kichwa chake ni bapa na kimezama ndani, kikalingana na mdomo wa ganda. Ukizitazama haraka utadhani hazina kitu. Ndiyo maana katika mazoezi ya namna hii risasi za moto hazitakiwi kufika kabisa mahali pa igizo, na kila silaha hupaswa kukaguliwa na mtu wa pili asiyekuwa yule atakayeishika.

Usiku uleule mkuu wa polisi wa mji alisimama mbele ya wanahabari. Uchunguzi ukakabidhiwa chombo cha jimbo, si polisi wa mji wenyewe. Askari na mkuu wake wote wawili walishtakiwa: mkuu aliachiwa na mahakama mwaka 2017, na askari, ambaye hakupinga shtaka, alipewa kifungo cha nje cha miaka 10 mwaka 2019. Mji uliilipa familia zaidi ya dola milioni 2. Mtu anaweza kuona adhabu ile ni nyepesi, na ana haki ya kuona hivyo. Hata hivyo, wakazi walielezwa risasi zile zilikuwa za aina gani na zilifikaje ndani ya bastola.

Tanzania ina jeraha lake. Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, mwandishi wa Channel Ten, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu kabisa na mwili wake. Wanahabari wenzake walikuwa wamepiga picha, na picha zile ziliwaonyesha askari wakiwa wamemzingira. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Steven Ihema. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, chini ya Jaji Amiri Manento, ikafanya uchunguzi wake yenyewe na kusema polisi walikiuka haki za binadamu. Julai 2016 Mahakama Kuu, Iringa, ilimhukumu askari mmoja miaka 15 jela kwa kuua bila kukusudia.

Maneno hayo matatu, kuua bila kukusudia, yanastahili kusomwa polepole. Sheria haisemi kwamba asiyekusudia hana la kujibu.

Kenya ilitunga sheria ya mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, mwaka 2011. Mwaka 2014 askari walipompiga risasi na kumuua msichana wa miaka 14 huko Kinango, Kwale, mwili wake ulifukuliwa ukachunguzwa upya. Maelezo ya askari hayakusimama, na mwaka 2016 wawili walifungwa miaka 7 kila mmoja. Tanzania haina chombo cha namna hiyo, ingawa Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza mageuzi makubwa ya Jeshi la Polisi mwaka 2023.

Kwa sasa, basi, macho yanarudi kwa hakimu. Mchunguzi wa vifo hamtii mtu hatiani. Anatafuta nani amekufa, wapi, lini na kwa sababu gani, na mashahidi wanamjibu wakiwa wameapa. Ajali ikitokea mazoezini, swali lake la kwanza halihitaji ufundi mkubwa: liko wapi daftari la ghala la silaha? Siku ya ajali zilitolewa risasi ngapi, za aina gani, aliyezipokea ni nani, na nani alitia saini kwamba amezikagua?