Saa Iliyovaliwa Mwezini na Mtambo Wake Mpya (Sehemu ya Pili)

Mwezi Januari 2021 kampuni ya Omega ya Uswisi ilitoa toleo jipya la Speedmaster Professional, saa ya mkono inayofahamika zaidi kwa jina la Moonwatch. Kwa mtazamaji wa kawaida toleo hilo halina tofauti na lililotangulia: uso mweusi, akrabu nyeupe, visaa vidogo vitatu, na pete ya nje yenye tarakimu za kukokotolea mwendo kasi. Wapenzi wa saa waliona mengi zaidi. Walilichambua kipande kwa kipande, wakasifu hapa na kulaumu pale, na mabishano yao yanaonyesha vizuri namna chombo cha zamani kinavyopimwa kinapoguswa na mkono wa kisasa.

Urithi uliokuwa ukilindwa

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza asili ya saa hiyo, kwa hiyo hapa yatatajwa mambo machache tu. Speedmaster ilianza kuuzwa mwaka 1957 ikiwa kronografu, yaani saa ambayo, mbali na kuonyesha wakati, ina akrabu ya ziada inayoanzishwa, kusimamishwa na kurudishwa kwenye sifuri kwa vitufe vya ubavuni. Ndani yake mlikuwa na mtambo namba 321. Mwanaanga Wally Schirra aliruka na saa yake binafsi ya aina hiyo Oktoba 1962. Baadaye NASA ilizijaribu kronografu za kampuni kadhaa kwa joto kali, baridi kali, ombwe, unyevu, mishtuko na mitetemo, na Machi 1965 Speedmaster ikaidhinishwa kwa safari zote za wanaanga. Buzz Aldrin aliivaa Mwezini Julai 1969. Mwaka uliofuata wanaanga wa Apollo 13 waliitumia kupima sekunde 14 za kuwasha injini, ili kurekebisha njia yao ya kurudi duniani.

Katika historia hiyo kuna jambo moja ambalo wabishi wengi husahau. Omega iliacha kuunda mtambo 321 mwaka 1968, kabla binadamu hajakanyaga Mwezi. Nafasi yake ilichukuliwa na mtambo 861, uliokuwa rahisi zaidi kuundwa na uliopiga mara 21,600 kwa saa badala ya 18,000. Mtambo huo uliboreshwa miaka ya 1990, ukapewa namba 1861, na ukaendelea kutumika hadi toleo la 2021 lilipotoka. Saa inayosemwa kuwa haijabadilika ilikuwa imekwisha kubadilishwa moyo.

Mabadiliko ya ndani

Mtambo mpya, namba 3861, unafuata mpangilio wa mtangulizi wake na bado hutiwa ufunguo kwa mkono. Tofauti kubwa iko kwenye sehemu inayoiachia nguvu ya kamani kidogo kidogo ili kuliendesha gurudumu la mizani. Katika saa nyingi za mitambo, vito vya sehemu hiyo huteleza juu ya meno ya gurudumu, hivyo huhitaji mafuta, na mafuta hayo huharibika kadiri miaka inavyopita. Saa mpya inatumia mfumo wa Co-Axial, uliobuniwa na fundi saa Mwingereza George Daniels na kuingizwa sokoni na Omega mwaka 1999. Mfumo huo hupunguza mteleko na msuguano, kwa hiyo utegemezi wa mafuta hupungua.

Badiliko la pili linahusu usumaku. Springi ya mizani sasa imetengenezwa kwa silikoni, ambayo haivutwi na sumaku, na saa nzima inastahimili nguvu ya gausi 15,000. Faida yake ni ya kila siku, kwani simu, spika na vifungo vya mikoba vina sumaku zinazoweza kuivuruga saa ya mtambo hadi ikakimbia kwa dakika nzima. Kila saa hupimwa kwa masharti ya METAS, taasisi ya vipimo ya Uswisi: hairuhusiwi kuchelewa kwa siku, wala kutangulia kwa zaidi ya sekunde tano. Tena, ufunguo unapovutwa ili kurekebisha wakati, akrabu ya sekunde husimama, jambo ambalo 1861 haukuliweza. Kamani iliyojazwa huiendesha saa kwa saa 50 badala ya 48.

Hayo yalipokelewa vizuri na wengi. Pingamizi zilikuwa mbili. Ya kwanza ilitoka kwa wanaofikiria matengenezo. Mtambo wa 1861 na mtangulizi wake ulikuwa umeundwa kwa zaidi ya nusu karne, na mafundi wengi wa kujitegemea waliujua. Mtambo wa Co-Axial unadai mafunzo maalumu na vipuri vinavyotoka kwa kampuni yenyewe, hivyo mwenye saa hubaki na milango michache ya kubisha. Pingamizi ya pili ilihusu uhalisi: je, saa yenye mtambo mpya bado ina haki ya kujiita saa ya Mwezini? Waliojibu walikumbusha kwamba hata 861 haukuwa mtambo uliojaribiwa mwaka 1965, bali saa iliyokuwa nao ilipimwa upya mwaka 1978 kwa ajili ya vyombo vya Space Shuttle. Kwenye mfuniko wa nyuma wa toleo jipya, maneno ya kuidhinishwa na NASA sasa yameongezewa mwaka 1965, na baadhi ya wapenzi waliona kwamba huo ndio uungwana: sifa imewekwa mahali pake katika historia.

Mabadiliko ya nje

Kwa upande wa sura, wabunifu walirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kwenye pete ya nje, kitone kilichokuwa kando ya tarakimu 90 kimerudishwa juu yake, kama kilivyokuwa kwenye saa za miaka ya 1960. Pete za zamani zenye alama hiyo huwindwa sana na wakusanyaji. Ukingo wa uso umeshushwa ngazi moja, nao pia ni mtindo wa zamani. Vistari vya sekunde navyo vimegawanywa upya. Zamani kila sekunde iligawanywa mara tano, ilhali mtambo hupiga mara sita kwa sekunde, hivyo akrabu haikuweza kutua sawasawa juu ya kila kistari. Sasa kila sekunde imegawanywa mara tatu, na mapigo yanalingana na vistari. Wasomaji makini wa saa walilisifu hilo kuliko hata kitone.

Mjadala mkali zaidi ulikuwa wa kioo. Omega iliendelea kutoa aina mbili. Moja ina kioo cha hesaliti, plastiki ngumu iliyotumika kwenye saa za wanaanga kwa sababu haipasuki na kutawanya vipande ndani ya chombo. Hukwaruzika upesi, lakini mikwaruzo yake husuguliwa ikatoka. Nyingine ina kioo cha yakuti, mbele na nyuma, ambacho hakikwaruziki kirahisi na humwezesha mvaaji kuuona mtambo ukifanya kazi. Wanaoshikilia historia huchagua hesaliti na kulalamika kwamba yakuti huacha duara jeupe ukingoni mwa kioo. Wanaoshikilia matumizi huchagua yakuti na kuuliza kwa nini anayetaka hesaliti anyimwe mandhari ya mtambo, kwani saa hiyo ina mfuniko wa chuma nyuma.

Mkanda wa chuma ndio uliokaribia kuwapatanisha. Ule wa awali ulionwa kuwa mzito na mpana. Mpya una vipande vidogo vitano kwa kila safu na hupungua upana kutoka milimita 20 penye kasha hadi 15 penye kibanio, hivyo hulala vizuri mkononi, na saa yenye kipenyo cha milimita 42 huonekana ndogo kuliko ilivyo. Lawama iliyobaki ni kwamba kibanio hakikuwa na njia ya kuongeza au kupunguza urefu bila kifaa, wakati mkono huvimba kwa joto na kunywea kwa baridi. Toleo lenye uso mweupe lililotolewa mwaka 2024 lilikuja na kibanio kinachorekebishika kwa vidole.

Mizani mbili

Ukiyapanga maoni yote hayo, hujigawa katika mizani mbili. Mizani ya kwanza huipima saa kama chombo: inatunza wakati kwa usahihi gani, inastahimili nini, inakaaje mkononi, nani ataitengeneza. Kwa mizani hiyo, toleo la 2021 linalizidi lililotangulia karibu katika kila jambo, isipokuwa urahisi wa kupata fundi. Mizani ya pili huipima kama ushahidi: inafanana kiasi gani na ile iliyovaliwa Mwezini. Hapa hakuna boresho linalohesabika kuwa faida, kwa sababu kila boresho ni hatua moja mbali na mwaka 1969.

Omega yenyewe ilionekana kuzitambua mizani hizo na kuzitenganisha. Mwaka 2020, mwaka mmoja kabla ya toleo linalojadiliwa, ilitoa Speedmaster ya chuma yenye mtambo 321 ulioundwa upya kwa kufuata ule wa kale, ndani ya kasha dogo la milimita 39.7, kwa bei inayoizidi mno ile ya saa ya kawaida. Anayetaka ushahidi alipewa njia yake, na anayetaka chombo akapewa 3861. Malalamiko ya anayetaka chombo yanaweza kutatuliwa na mhandisi, kama kibanio kilivyotatuliwa. Ya anayetaka ushahidi hayatatuliwi kiwandani. Mwenye nayo hana budi kutafuta saa ya miaka ya 1960, na kuyakubali matengenezo yake.