Dhahabu Kabla ya Mto: Asili ya Dhahabu ya Kilo-Moto

Mwaka 1903 Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, walikuta punje za dhahabu katika mchanga wa mto Agola, karibu na Kilo, huko Ituri. Miaka miwili baadaye uchimbaji ukaanza, na tangu hapo machimbo ya Kilo-Moto yamepita katika mikono mingi: yakawa ya SOKIMO mwaka 1926, ya OKIMO mwaka 1966, kisha jina la SOKIMO likarudi mwaka 2010. Historia hiyo, pamoja na kazi ya shuruti iliyowaangukia wenyeji, imekwisha kuandikwa na wengi. Swali linaloulizwa kwa nadra ni lile la kwanza kabisa: punje zile zilifikaje mtoni?

Ugumu wa kulijibu huanzia katika lugha yenyewe. Husemwa kwamba dhahabu "hupatikana", "hutoka" au "huzaliwa" mahali fulani, na kila kitenzi kati ya hivyo huficha jambo. Anayesema kwamba mto huzaa dhahabu atatazamia uzae tena; na kweli, baada ya mvua kubwa, punje huonekana mahali palipokwisha kuoshwa. Lakini mto haukuzaa kitu. Umebomoa ukingo wake, ukasomba mchanga wa juu, ukauteremsha. Ingefaa basi kutumia vitenzi vitatu na kutovichanganya: dhahabu iliumbwa, ikakusanywa, ikasombwa. Matukio hayo yametenganishwa na mamilioni, hata mabilioni ya miaka, na njia nyepesi ya kuyafuata ni kupanda kinyume cha mkondo, kuanzia kwenye punje.

Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji ya ujazo ule ule, hali kwatsi, lile jiwe jeupe ambalo ni sehemu kubwa ya mchanga, haifiki hata mara tatu. Kwa hiyo maji yanapopunguza mwendo, nyuma ya jiwe kubwa au upande wa ndani wa kona ya mto, dhahabu hutangulia kuzama, na mwishowe hulala juu ya mwamba wa chini. Mwoshaji anayezungusha karai lake hufanya kwa dakika chache kazi ile ile ambayo mto umeifanya kwa maelfu ya miaka. Umbo la punje nalo ni ushahidi: iliyosafiri mbali imebapa na kuviringika, iliyo karibu na chimbuko lake bado ina ncha na pengine imeshika kipande cha kwatsi. Kwa alama hiyo watafutaji hupanda mto mpaka kwenye mlima. Punje zilizo ndogo mno kwa karai ndizo zinazowafanya wachimbaji watumie zebaki, ambayo hushikamana na dhahabu, kisha huchomwa ili itoke; mvuke wake huingia mapafuni mwa anayechoma na mwa watoto walioketi kando ya moto, nayo hudhuru ubongo na figo.

Juu mlimani kuna mshipa. Hapo ndipo maelezo ya kawaida hukosea zaidi, kwa kudhani kwamba dhahabu ilipanda kutoka chini ikiwa imeyeyuka kama chuma cha mhunzi. Haikuwa hivyo. Katika ganda la dunia, tani moja ya mwamba wa kawaida ina miligramu chache tu za dhahabu. Ili machimbo yawe na faida, sharti ziwe gramu, yaani mara elfu au zaidi. Kilichoikusanya ni maji. Miamba ya Kilo na Moto ni ya kale sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu, na mingi ilitokana na lava iliyomwagika chini ya bahari. Ilipokunjwa na kusukumwa kilindini, joto liliikamua maji yaliyokuwa yamefungwa ndani ya madini yake. Maji hayo, yenye joto la nyuzi 250 hadi 400 hivi, yalibeba salfa, na salfa ndiyo iliyoishika dhahabu na kuifanya isafiri ikiwa imeyeyushwa, mfano wa chumvi.

Yakapanda kwa njia ya nyufa kubwa. Nyufa hizo hufunga na kufunguka: tetemeko hupasua mwamba, shinikizo hushuka ghafula, maji hayawezi tena kushika mzigo wake, nayo kwatsi na dhahabu hutuama na kuziba ufa, hadi tetemeko lifuatalo. Mshipa mmoja waweza kuwa kazi ya matetemeko maelfu. Tena, mahali maji yalipokutana na mwamba wenye chuma kingi, salfa iliiacha dhahabu ikaungana na chuma, ikazaa piriti, yale madini ya manjano ambayo yamewadanganya wengi. Udanganyifu huo una kinaya chake, kwani ndani ya piriti mara nyingi imo dhahabu ya kweli, isiyoonekana kwa macho. Karai haliwezi kuitoa. Mgodi wa Kibali, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2013 katika eneo la Moto, huponda mwamba na kutumia sianidi, ambayo huyeyusha dhahabu kama salfa ilivyofanya kilindini.

Mwaka 2024 watafiti wa Australia walitoa hoja ya ziada: kwatsi ikikandamizwa hutoa umeme, na huenda umeme huo wa matetemeko huivuta dhahabu ijirundike mahali pamoja. Hoja hiyo ingesaidia kueleza vipande vikubwa visivyo vya kawaida.

Miligramu zile chache zenyewe zilitoka wapi? Dunia ilipokuwa ingali moto, chuma kilizama katikati kikachukua karibu dhahabu yote. Wengi hukubali kwamba ile iliyobaki juu ililetwa na vimondo vilivyoanguka baada ya kiini kujitenga. Miamba ya kale ya Greenland, iliyochunguzwa mwaka 2011, imeiunga mkono rai hiyo. Mwaka 2025 watafiti wa Göttingen walionyesha kwamba lava ya Hawaii ina dalili za metali zilizovuja kutoka kiini, hivyo mlango wa chini haukufungwa kabisa.

Kuumbwa kwa dhahabu ni jambo la mbinguni. Kiini cha atomu yake kina protoni 79, na nyota ya kawaida, ikiwamo Jua, haina nguvu ya kuziunganisha. Tarehe 17 Agosti 2017 vyombo vya Marekani na Italia vilinasa mtikisiko wa nyota mbili za nyutroni zilizogongana, umbali wa miaka ya nuru milioni 130 hivi, na mwanga uliofuata ulionyesha kwamba elementi nzito zilikuwa zikiumbwa pale. Kama migongano hiyo yatosha kuieleza dhahabu yote, au nyota zenye usumaku mkali mno nazo zilichangia, wataalamu wangali wakijadili. Lililo wazi ni kwamba tanuru la duniani huchezea elektroni za nje tu, halikigusi kiini. Ndiyo sababu wale waliotumia karne nyingi wakichoma risasi ili iwe dhahabu walibaki na risasi yao.